Jibu la Mlangoni

Oresta Kihwele alilipasha Sikio joto kiganjani kwanza, kwa sababu baridi ya Mafinga mwezi wa saba haina adabu, na chuma baridi shingoni humshtua mtu hata kama hana la kuficha. Kisha akamwinamisha Alfonsia Ngailo kichwa, akalibandika chini ya taya, mahali ambapo ukiweka kidole mtu akiongea unahisi neno linapita.

"Linabana, mwanangu?"

"Halibani, mama. Linawasha tu."

"Litaacha. Usilikune. Likisogea watasema nimekupendelea."

Alfonsia akacheka. Kwenye kiti cha pili alikaa mwanawe, Kizito, ameshabandikwa lake, anatafuna karanga kana kwamba anasubiri basi. Tangu mashindano haya ya poka yaanze, haijapata kutokea mtu na mwanawe wakakutana fainali. Nje, uwanja ulikuwa umefurika tangu asubuhi. Watu wametoka Tunduma, Lusaka, Kampala, na walikuwa wakiimba majina yote mawili bila kujali nani wanamshangilia.

"Mama," Kizito alisema, "leo nakunyoa bila maji."

"Wembe wenyewe nilikununulia mimi," Alfonsia akamjibu.

Wakaangua kicheko, na wapambaji wa nyuso waliokuwa wakipita na poda zao wakacheka nao. Oresta peke yake ndiye aliyetabasamu nusu. Kwa maneno ya kijana mwenyewe, mama huyu na mwanawe walikuwa hawajui kuzungumza mpaka walipojua kucheza karata. Alfonsia alimwacha akiwa mdogo, akarudi kijana ameshaota ndevu za kwanza, na wakakaa mwezi mzima nyumba moja wakisalimiana kama wapangaji. Siku moja Alfonsia akatoa karata. Toka siku hiyo wakawa na cha kutazamana.

Oresta akatoka kumtafuta mkurugenzi. Wolfram Chaula alikuwa kwenye ngazi za jukwaa, anaelekeza mafundi wa taa kwa kidole.

"Kamwene, mama," alimsalimu kabla hajageuka, maana harufu ya mafuta ya Oresta ya mkaratusi ilimtangulia kila mahali.

"Kamwene. Wolfram, nakuomba kitu kimoja. Leo swali la mlangoni liwe la karata tu."

"Swali ni la lolote, mama. Ndiyo kanuni."

"Hawa ni mtu na mwanawe."

"Ndiyo maana watu milioni arobaini wanatutazama." Akamshika mkono kwa upole wa kweli, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye kazi. "Na wewe si ndiye mwenye kitufe? Hakuna linalofika kwenye ubao bila wewe kuridhia. Kukiwa na ubaya, uko mkononi mwako."

Wolfram hakuwa amevaa Sikio. Waliolivaa walikuwa wachezaji peke yao.

*

Aliyeyajulia mashindano haya kwenye skrini hawezi kusadiki yalikozaliwa. Yalizaliwa kwenye ghala la mbao nyuma ya stendi, miongoni mwa wapakiaji, wakati wa mvua, malori yanapokwama njiani na watu hawana la kufanya. Dereva mmoja kutoka Zambia aliwafundisha poka, akaondoka, hakurudi tena, na mpaka leo hakuna anayelikumbuka jina lake. Walichezea vipande vya paini vilivyobaki kwenye msumeno, wakaviita vibao. Zawadi ilikuwa moja: mshindi habebi gogo la kwanza kesho yake. Kwa mtu anayejua gogo la paini lililolowa lina uzito gani asubuhi, hiyo haikuwa zawadi ndogo.

Kaka yake Oresta, Galus, ndiye aliyekuwa bingwa wao. Na desturi ilikuwa hii: mchezo ukiisha, mshindi anasimama mlangoni, na kila aliyeshindwa, akitoka, ana haki ya kumuuliza juu ya mkono mmoja, yaani mzunguko mmoja wa karata. "Pale uliposukuma vibao vyote, ulikuwa nayo kweli karata ya kushinda?" Mshindi hana budi kujibu. Wakaliita jibu la mlangoni.

Oresta alikuwa akisoma umeme chuoni Iringa, na likizo aliwachemshia chai pale ghalani. Aliyasikia majibu hayo mara nyingi, akayapenda. Galus alisema karibu yaleyale kila siku: "Nilikuwa nayo, ndugu yangu. Sikuzuga hata kidogo. Ungeng'ang'ania ungekwisha." Na yule mtu akaenda zake kwenye mvua, mabega yamenyooka.

Chuoni wakati huo walikuwa wakitengeneza kifaa cha kuwasaidia waliopooza ulimi. Neno huanza shingoni kabla halijafika mdomoni. Misuli midogo chini ya taya hujikunja kulingana na herufi zitakazotoka, na kifaa kikinasa mikunjo hiyo, kinaweza kulisema neno ambalo mgonjwa ameshindwa kulisema. Oresta ndiye aliyegundua kwamba mwenye afya akisema uongo, mikunjo huja mara mbili. Shingo huandaa maneno mawili, halafu humeza moja. Kilichobaki kilikuwa kuunga taa mbili, kijani kwa kweli na nyekundu kwa uongo, na kukipa kifaa jina: Sikio.

Akakileta nyumbani kama zawadi wakati wa Krismasi. Mwaka huo walikuja wachezaji wa Makambako na Njombe, na wageni hao walikuwa wamenong'ona kwamba jibu la mlangoni la watu wa Mafinga halina uhakika. Oresta aliona uchungu kwa niaba ya kaka yake. Alitaka kuwaonyesha.

Galus alishinda. Akacheka, akabandikwa, akasimama mlangoni. Wa kwanza kutoka alikuwa Mzee Melkiori, mpasuaji mbao, aliyelaza karata zake nzuri kwa woga mbele ya watu wote.

"Galus, ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo, mzee wangu. Sikuzuga."

Taa ikawaka nyekundu. Wa pili akauliza, nyekundu. Wa tatu, nyekundu. Wageni wa Njombe walikuwa wameshika mbavu kwa kicheko, na wenyeji nao wakashindwa kujizuia. Mzee Melkiori alikuwa ameganda palepale kizingitini, kofia mkononi. Galus akalibandua lile dude, akamvuta dada yake nje.

"Oresta, wewe ulidhani tunasema kweli pale mlangoni?"

"Si ndiyo desturi, kaka? Mtu anauliza, anajibiwa."

"Desturi ni mtu afike kwake alale. Amebeba magogo kutwa, ameshindwa mbele ya wenzake, halafu mimi nimwambie alikuwa na karata za kunimaliza akazitupa? Kila mtu anajua ni uongo. Melkiori mwenyewe anajua. Anauliza ili aambiwe."

Hakucheza tena. Alifariki miaka mingi baadaye, na hadi anafariki hakuwahi kumlaumu kwa neno lingine lolote, jambo ambalo lilimuuma Oresta kuliko matusi.

Lakini mgeni mmoja wa Njombe alikuwa amerekodi kwa simu. La kuvunda halina ubani. Mwaka uliofuata ghala lilikuwa dogo, wakahamia ukumbi wa parokia. Mwaka wa pili padre akawafukuza, wakaenda uwanja wa mpira. Akaja mdhamini wa juisi, akaja mdhamini wa magodoro, zikaja kamera. Mwanzoni aliyeshindwa aliuliza mkono mmoja, kisha jambo lolote la mchezo, kisha jambo lolote. Wakaweka kanuni kwamba mshindi akisema uongo, au akinyamaza, kombe linakwenda kwa aliyeshindwa. Watu ambao hawakuijua ree wala shupaza wakajifunza poka ili tu wafike mlangoni: mke kwa ajili ya mume, mwajiriwa kwa ajili ya bosi. Waajiri wakaanza kununua Sikio. Mabaraza ya kata yakanunua, halafu mahakama. Likiaminika Mafinga, walisema, litaaminika popote. Uwanja wenye paa ukajengwa palipokuwa na stendi, na katikati ya jukwaa wakasimamisha mlango wa paini, mlango mtupu usio na ukuta, wa kuwakumbusha watu walikotoka.

Oresta alidai kitu kimoja tu: taa zisiende kwenye ubao zenyewe. Zije kwanza kwenye meza yake, ndani ya kibanda cha vioo, naye abonyeze. Awepo mtu katikati. Wakamkubalia kwa heshima kubwa, hata sherehe ya kumwapisha ikafanyika.

Miaka yote hiyo alibonyeza alichokiona. Alibonyeza nyekundu siku ambayo Lazaro, dereva wa malori, alimuuliza rafiki yake wa tangu utotoni kama alipata kumpenda hata siku moja. Lazaro yuko stendi mpya hadi leo, haitikii salamu, hapa Mafinga ambapo hata adui husalimiwa. Oresta akipita hapo huvuka barabara.

*

Fainali haikuwa ndefu. Kizito alicheza kama vijana wanavyocheza, anasukuma vibao kwa kifua, na Alfonsia akamwachia, akamwachia, mpaka kijana akaamini kwamba mama amechoka. Akasukuma vyote. Alfonsia akazitazama karata tano za katikati, akamtazama mwanawe, akasukuma vyake pia, akasema, "Nimekuja." Akafunua karata zake mbili za kopa, na mezani zilikuwapo tatu za kopa zikizingoja.

Uwanja ukalipuka. Kizito akaangalia zile kopa tano, akapiga meza kofi, akacheka kwa sauti. Akazunguka meza kumkumbatia mama yake, akamnyanyua mpaka viatu vikamtoka. Kwa muda mfupi Oresta alifikiri labda mambo yangeishia hapo, kwamba furaha ile ingewasahaulisha watu kilichowaleta. Taa zikazimwa zote isipokuwa ile ya mlango.

Alfonsia akaenda kusimama upande mmoja wa mlango, Kizito upande wa pili.

Mtu anayetaka kuelewa kilichofuata ajue jambo hili. Mitandaoni walimwita Alfonsia Mama Tiketi, kwa sababu alimkatia mtoto tiketi ya kwenda Makambako kwa shangazi yake bila ya kurudi, naye mwenyewe akapotelea mpakani Tunduma. Hata leo kulikuwa na bango majukwaani lenye jina hilo. Kizito alishakunja watu mashati kwa ajili ya jina hilo. Alikuwa amebeba swali lake tangu raundi ya kwanza, na alilibeba kama zawadi.

"Mama," alisema kwenye kipaza sauti, lakini uso ameuelekeza kwa watu. "Hawa wanasema mengi. Mimi nataka wasikie kwako. Siku ile uliponipeleka kwa shangazi, uliniambia utarudi. Ulikuwa na nia ya kurudi?"

Akatabasamu. Alikuwa kama mtu anayemwita shahidi wake mwenyewe barazani, ambaye ushahidi wake anaujua neno kwa neno.

Kule kibandani Oresta akasogea kwenye kioo. Alimwona Alfonsia akifumba mdomo, akiufumbua, mkono ukipanda shingoni kisha ukishuka bila kuligusa Sikio. Kunyamaza kulihesabiwa uongo. Kusema hapana kungekuwa kweli, na kombe lingebaki lake, na mwanawe angesimama pale mbele ya watu milioni arobaini akiwa amejivua nguo mwenyewe kwa mkono wake. Alfonsia hakuangalia kombe hata mara moja. Aliinua macho akakitazama kibanda cha vioo.

"Nilikuwa nayo, baba," akasema. "Kila siku."

Mezani kwa Oresta taa nyekundu ikawaka.

Vitufe vilikuwa viwili, na sekunde zilikuwa chache, lakini moyo wa mtu huenda mbali ndani ya sekunde. Alifikiri juu ya watu waliofungwa kwa neno la Sikio, na juu ya waliofunguliwa kwa neno hilohilo. Aliyemwongopea mmoja amewaongopea wote. Alifikiri kwamba aliapa. Halafu akafikiri: lakini si alirudi? Huyu mwanamke hakuwa na nia ya kurudi, na alirudi. Alipanda basi, akabisha hodi, akavumilia mwezi mzima wa kusalimiwa kama mpangaji. Mtu anaweza kurudi bila kuwa na nia, na kurudi kwenyewe kukawa na uzito kuliko nia. Taa haikuulizwa hilo. Hakuna aliyewahi kuiuliza taa jambo lolote lenye maana.

Akabonyeza kijani.

Ilikuwa mara yake ya kwanza. Alihisi furaha ambayo hakuwa ameijua tangu ujana, furaha ya wazi kabisa, akataka kaka yake awe hai aione. Alisikia kitufe kikilia *tik* chini ya kidole chake.

Ubao ukawaka nyekundu, kuanzia ukingo hadi ukingo.

Akabonyeza tena. Akabonyeza kwa nguvu, kwa kidole gumba, kwa kiganja kizima. Ubao haukubadilika. Uwanja ulikuwa ukinguruma, watu wamesimama juu ya viti, na ile tarumbeta ya kombe kuhama mikono ikaanza kupigwa. Kizito aligeuka polepole kuutazama ubao. Kisha akamtazama mama yake.

"Aa," alisema. Neno lenyewe lilikuwa hilo tu, na kipaza sauti kikalinasa.

Wakamtia kombe mikononi.

*

"Hakijaungwa na kitu, mama," Wolfram alisema. Alikuwa amepanda mwenyewe kibandani, akafunga mlango nyuma yake, na, tumpe haki yake, aliona aibu kidogo. "Tangu tulipohamia uwanja huu. Wadhamini hawakukubali mtu akae katikati ya taa na ubao. Lakini wewe ulikuwa umeshadai, na watu wanapenda kukuona pale juu. Wanasema Mama Kihwele akiwepo mchezo una haki."

"Miaka yote hii."

"Ulikuwa ukibonyeza sawasawa miaka yote. Nani angejua?" Akakigusa kitufe kwa kidole. "Leo tu ndipo wewe na taa mmepishana."

"Mtaniondoa?"

"Kwa nini tukuondoe? Hakuna aliyeona."

Oresta alitaka kumzaba kofi, lakini kofi angelizaba kwa lipi? Alikuwa amehangaika usiku ngapi kwa ajili ya Lazaro, akajiita muuaji, akasali, akavuka barabara. Na Lazaro angeipata nyekundu yake hata kama Oresta angekuwa kitandani na homa. Hata hatia yake waliitumia kama pambo. Na bado Sikio lilikuwa lake. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema, lakini yeye hakupewa hata nafasi ya kuingia. Walimwekea kiti kandoni atazame wenzake wakitumbukia. Akachukua shali lake, akashuka.

Alimkuta Alfonsia kwenye korido ya nyuma, ameketi juu ya kreti ya soda, Sikio amelibandua na analigeuzageuza kiganjani. Shingoni limeacha alama ya duara.

"Kizito yuko wapi?"

"Wamemchukua kwenye picha." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Amenipita hapa. Nimemwita, hakunitazama. Sijui kama nikifika nyumbani nitamkuta."

"Utamkuta."

Alfonsia akaligeuza Sikio tena kiganjani. "Mama, nilikutazama pale juu," akasema.

"Nilikuona."

"Nilidhani labda... Basi. Kazi ni kazi. Sikulaumu."

"Alfonsia, nisikilize." Oresta akachuchumaa mbele yake, magoti yakilalamika, akamshika mikono yote miwili. "Mimi nilibonyeza kijani. Haki ya Mungu nilibonyeza kijani. Kitufe hakikuungwa na kitu, wamenidanganya, nimeambiwa sasa hivi. Lakini mkono wangu ulibonyeza kijani, mwanangu. Nilitaka ulale."

Aliyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka, na kadiri alivyozidi kuapa ndivyo yalivyozidi kufanana na yale ya ghalani, yaliyosemwa kizingitini mvua ikinyesha. Uso wa Alfonsia ulilainika. Akamtazama Oresta kwa huruma, jinsi mtu anavyomtazama mzee aliyejisumbua kwa ajili yake.

"Mama, mimi nimezaliwa hapa hapa Mafinga," alisema. "Ahsante. Umefanya vizuri kuniambia."

"Huniamini." Oresta akalinyakua Sikio kiganjani mwake, akalisogeza kwenye shingo yake mwenyewe. "Ngoja nijibandike, uniulize. Uone taa."

Alfonsia akamshika mkono haraka, akauzuia, akautelemsha mpaka magotini.

"Hapana, mama," akasema. "Usilibandike. Niachie hilohilo."

Akainuka, akajifunga kitenge vizuri, akaenda kumtafuta mwanawe.